UZI: Kila kichwa cha treni ya mfano kinastahili sauti yake. Umuhimu wa sauti halisi na za aina mbalimbali katika mifumo ya kuendeshea reli za mfano

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba subira yenu, kwa kuwa jambo hili nimekaa nalo muda mrefu na halielezeki kwa aya mbili.

Nimekulia Voi, katika landi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, na baba yangu alikuwa msaidizi wa dereva katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Leo ninaishi kusini mwa Ujerumani, na katika chumba cha chini ya nyumba nimejenga kipande cha njia ya Mombasa hadi Voi kwa kipimo cha 1:87, juu ya reli zenye upana wa milimita 12, upana ambao kwa kipimo hicho ndio unaowakilisha reli yetu ya zamani ya mita moja. Nilitumia miaka mitatu kujenga kwa bati za shaba nyeupe kichwa kimoja cha mvuke cha daraja la 59. Kilipokamilika nikakifunga dekoda ya sauti, yaani kipande kidogo cha elektroniki kinachopokea amri na kutoa sauti, niliyoinunua ikiwa tayari imejazwa sauti za kichwa kikubwa cha mvuke. Nikabonyeza kitufe, na sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya beleshi likichota makaa.

Vichwa vya daraja la 59 havikuchoma makaa. Vilichoma mafuta mazito. Baba yangu hakushika beleshi hata siku moja ndani ya vichwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kuchunga vali ya mafuta na ya mvuke, akitazama rangi ya moshi na kusikiliza mngurumo wa kichomeo. Kitufe cha pili kikatoa kengele kama ile ya vichwa vya Marekani. Cha tatu kikatoa filimbi ambayo haikufanana hata kidogo na ile iliyokuwa ikituamsha usiku. Nilizima umeme nikakaa kimya kwa muda, kwa sababu macho yangu yalikuwa yakitazama Voi na masikio yangu yako kwingine kabisa.

Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba sauti si pambo la kuongezwa mwishoni. Ni sehemu ya uendeshaji wenyewe, na aina zake zinapaswa kutokana na namna mtambo halisi ulivyofanya kazi pamoja na kile ambacho treni inakifanya kwa wakati ule. Mfumo wenye vitufe 28 ambao unakipa kila kichwa pumzi ileile, yaani mlio uleule wa mvuke unapotoka kwenye dohani, hauna sauti nyingi. Una sauti moja iliyorudiwa mara nyingi.

Kwa wageni wa fani hii nieleze kwanza kwa ufupi namna mifumo ya leo inavyofanya kazi. Zamani kichwa cha mfano kiliendeshwa kwa kuongeza au kupunguza volti kwenye reli, hivyo vichwa vyote vilivyokuwa juu ya kipande kimoja cha reli vilikwenda pamoja. Mfumo wa kidijitali unaotumika sasa, unaojulikana kwa herufi DCC, ulianzia Ujerumani kwenye kazi ya kampuni ya Lenz miaka ya 1980, kisha katikati ya miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kikaufanya kuwa kiwango ambacho kila mtengenezaji anaweza kukifuata. Umeme ulio kwenye reli huwa ni uleule muda wote, lakini unageuzwa-geuzwa upande kwa kasi kubwa, na ndani ya mageuzi hayo mna ujumbe: nusu ya wimbi ikidumu mikrosekunde 58 inasomeka kama tarakimu 1, ikidumu mikrosekunde 100 au zaidi inasomeka kama 0. Kila kichwa kina dekoda yenye anwani yake, nayo husikiliza ujumbe wake tu. Kwa hiyo kichwa kimoja kinaweza kusimama kikihema taratibu huku kingine kikivuta mzigo pembeni yake kwenye reli hiyohiyo.

Kabla ya hapo watu walihangaika sana. Kampuni ya Lionel ilianza kuweka filimbi ya upepo ndani ya behewa la maji na makaa mwaka 1935, nayo ililia pale mwendeshaji alipobonyeza kitufe kwenye transfoma yake. Miaka ya 1970 mfumo wa kampuni ya PFM ulizalisha sauti kwenye kisanduku kilichokuwa mezani, ukaipitisha kwenye reli hadi spika iliyofichwa ndani ya kichwa, huku kigusio kidogo kwenye mhimili wa gurudumu kikihesabu pumzi. Nawaheshimu sana waliobuni kile kigusio. Walitambua mapema kwamba mlio wa mvuke lazima ufuate gurudumu.

Sasa nirudi kwenye daraja la 59, kwa kuwa ndilo ninalolijua vizuri, na ndilo linaloonyesha wazi zaidi kwa nini sauti moja haitoshi.

Kichwa cha kawaida cha mvuke chenye silinda mbili hutoa pumzi nne kila gurudumu la kuvutia linapozunguka mara moja, kwa sababu kila silinda hutoa mvuke mara mbili, mbele na nyuma. Vichwa vya daraja la 59 ni vya aina ya Garratt: boila moja kubwa iliyobebwa katikati ya mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja ukiwa na silinda zake mbili na magurudumu yake manane ya kuvutia. Vilijengwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa takriban tani 250, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mitambo ile miwili haikuunganishwa kwa fimbo wala gia. Kwa hiyo pumzi za mbele na za nyuma zilikuwa zikipishana: mara zinakutana na kuwa nne nzito, mara zinaachana na kuwa nane nyepesi, halafu zinarudi tena kukutana. Gurudumu la mbele likiteleza kidogo kwenye reli yenye umande, mpangilio wote hubadilika.

Sisi watoto wa landi hatukujua sababu yake, lakini tuliijua sauti yenyewe. Treni ya mizigo ilipokuwa ikiondoka Voi usiku tuliweza kuisikia ikisema jambo moja, kisha ikaligeuza, kisha ikalirudia lile la kwanza. Hakuna kichwa chenye mtambo mmoja kinachoweza kufanya hivyo.

Piga hesabu uone. Gurudumu la kuvutia la daraja la 59 lilikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 6, yaani mita 1.37, hivyo mzunguko mmoja ni kama mita 4.3 za njia. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao ni mwendo wa kupanda mlima ukiwa na mzigo, gurudumu huzunguka mara 1.3 hivi kwa sekunde, nawe unapata pumzi tano kwa sekunde kutoka kila mtambo, au kumi mitambo ikiwa imeachana. Dekoda inayotoa pumzi nne kwa kila mzunguko, zote zikiwa na nguvu sawa na nafasi sawa kati yake, hukifanya kichwa hicho kionekane kama kimekatwa nusu.

Baadhi ya dekoda za sasa zina mpangilio maalumu wa vichwa vya mitambo miwili: unaweka seti ya pili ya pumzi na kuipa kasi iliyotofautiana kidogo sana na ya kwanza, ili zipishane zenyewe. Mpangilio huo mdogo, ambao wauzaji wengi hawautaji kabisa, kwangu mimi una thamani kuliko vitufe kumi vya kelele za stesheni.

Kuna na jambo la dohani. Vichwa hivi vilikuja kufungwa dohani bapa iliyobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ambamo mvuke uliotumika hutoka kupitia vinywa vidogo vilivyopangwa mstari mmoja badala ya kinywa kimoja kipana. Pumzi ikawa laini zaidi, haipasuki kama ya dohani ya kawaida. Anayejenga kichwa cha mwaka 1956 na anayejenga kichwa hichohicho cha mwaka 1970 wanahitaji sauti mbili tofauti, japokuwa namba ubavuni ni ileile.

Lakini hata ukipata pumzi sahihi, bado hujafika. Sauti lazima ijue treni inafanya nini. Dekoda nzuri hukata umeme wa mota kwa muda mfupi mno, mara nyingi kila sekunde, ikapima volti ambayo mota yenyewe inaizalisha kwa kuzunguka. Kwa kipimo hicho hujua kama kichwa kinasukumwa na mteremko au kinalemewa na mlima, na ikipangwa vizuri huongeza uzito wa pumzi mzigo unapozidi, na kuzipunguza hadi zikabaki fimbo za chuma tu zinazogongana kwa wepesi pale dereva anapofunga mvuke na kuiacha treni ijiendee. Kwenye kipande changu, njia inapanda kutoka Mazeras. Kabla ya kurekebisha mpangilio huo, treni ya mabehewa 14 ilipanda na kushuka kwa sauti moja. Sasa, hata nikiwa nimeipa mgongo, najua imefika wapi.

Niseme pia juu ya kusimama, kwa kuwa wengi hulisahau. Kichwa cha mvuke kilichosimama hakinyamazi. Pampu ya upepo wa breki hupiga haraka mara baada ya breki kuachiliwa, kisha hupunguza kasi kadiri matangi yanavyojaa. Vali ya usalama hufunguka shinikizo likizidi. Kichomeo cha mafuta hunguruma chini kwa chini. Sauti hizi zikija kwa zamu ileile na kwa urefu uleule kila baada ya sekunde 20, sikio hugundua haraka kuliko tunavyodhani, na likishagundua halisahau. Ndiyo maana nasisitiza sauti za nasibu zenye urefu tofauti, na ikiwezekana rekodi tatu au nne za pumzi ileile zinazopokezana, badala ya moja inayojirudia.

Nitaendelea na upande wa dizeli baadaye leo. Maswali na pingamizi mnakaribishwa.

Mchangiaji wa kwanza (Mwanza)

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye uzito. Nina swali la mtu wa kipato cha kawaida. Mimi nina reli ndogo niliyoletewa na mjomba wangu aliyekuwa Uingereza: vichwa viwili na mabehewa sita, na natumia transfoma ya zamani. Dekoda za sauti kuagiza kutoka Ulaya, pamoja na usafiri na ushuru, ni gharama ambayo siwezi kuieleza kwa familia. Je, mtu kama mimi anabaki kimya, au kuna njia nyingine?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, njia ipo, tena zaidi ya moja.

Ya kwanza ni kuanza na kituo cha amri, yaani kifaa kinachotuma ujumbe kwenye reli, cha kujitengenezea. Kuna mradi huria uitwao DCC-EX ambao hutumia bodi ya Arduino, ambayo ni kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa, na kipande cha kuendeshea mota, na programu yake ni ya bure. Kwa hiyo unaweza kupata mfumo wa kidijitali wa kweli kwa vipande vinavyouzwa hata katika maduka ya vifaa vya elektroniki vya wanafunzi. Vichwa vyako vitahitaji dekoda, lakini dekoda zisizo na sauti ni rahisi mno kuliko zenye sauti.

Ya pili ni kutoa sauti nje ya kichwa. Programu huria ya JMRI, inayofanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, ina sehemu inayofuata mwendo wa kichwa na kutoa sauti kupitia spika za kompyuta. Ukiweka spika chini ya meza karibu na stesheni, matokeo ni mazuri kuliko mtu anavyotarajia, hasa sauti nzito ambazo spika ndogo ndani ya kichwa haziwezi kuzitoa kamwe. Ya tatu ni kutumia moduli ndogo ya kuchezea faili za MP3 iliyounganishwa na Arduino, ukaitumia kwa sauti za stesheni, kuku na wachuuzi, na honi. Haitafuata gurudumu vizuri, ila kwa kichwa kilichosimama inatosha kabisa.

Ushauri wangu kwako ni huu: badala ya kununua sauti 20 za jumla, pata sauti tatu ambazo ni za kichwa chako hasa. Kama kichwa chako ni cha Kiingereza cha mvuke, tafuta pumzi zake, filimbi yake na mlio wake kikiwa kimesimama. Vingine vitakuja.

Mchangiaji wa pili (Toronto)

Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na sehemu kubwa, lakini nina pingamizi moja. Mimi naendesha reli ya Kimarekani ya miaka ya 1970 katika chumba cha chini, na Jumamosi moja kila mwezi tunakutana watu sita. Kila mmoja akiwa na kichwa chenye sauti, baada ya saa moja kichwa kinachouma ni changu mwenyewe. Wengine wameanza kuzima sauti kabisa. Je, aina nyingi za sauti si ndizo zinazozidisha kelele? Na je, kwa dizeli kuna tofauti gani ya kuhangaikia, ilhali zote zinanguruma?

Mwanzisha uzi

Pingamizi lako ni la haki, nami nililipitia. Nianze na dizeli, kwa kuwa nilishaahidi.

Chukua vichwa viwili ambavyo bila shaka unavyo au unavijua, GP38 na GP40 vya kampuni ya EMD. Kwa macho vinakaribiana sana. Vyote vina injini ya familia ya 645, silinda 16, mizunguko ya viharusi viwili. Lakini GP38 ina nguvu za farasi 2,000 na husukumiwa hewa na bloa inayoendeshwa na injini yenyewe, wakati GP40 ina nguvu za farasi 3,000 na ina turbo. Cha kwanza hunguruma kwa kifua kipana. Cha pili hunguruma huku juu yake pakiwa na mlio mwembamba wa turbo unaopanda kadiri dereva anavyoongeza hatua za nguvu ya injini, kutoka ya kwanza hadi ya nane. Sasa weka pembeni yao kichwa cha kampuni ya GE (General Electric) chenye injini ya viharusi vinne, ambamo kila silinda hulipuka mara moja katika mizunguko miwili badala ya kila mzunguko: utasikia mapigo mazito yanayohesabika, si mvumo mmoja. Ndiyo aina ya mapigo waliyoyajua watu wa Kenya kwenye vichwa vya daraja la 93, ambavyo ni U26C vya GE. Kwa hiyo si kweli kwamba zote zinanguruma sawa. Ukiweka rekodi moja kwenye vichwa vyako vyote, wageni wako watasikia kichwa kimoja kilichojigawa mara sita, na hiyo hasa ndiyo inayochosha.

Honi ni vivyo hivyo. Honi za Marekani za vinywa vitatu au vitano hutoa sauti kadhaa kwa pamoja, na kila muundo una mpangilio wake, ndiyo maana mtu aliyekulia karibu na reli hujua ni kampuni gani inapita kabla hajaiona. Tena honi si kitu cha kubonyezwa tu. Kwenye makutano ya reli na barabara, kanuni ya Marekani inataka ndefu mbili, fupi moja, na ndefu nyingine inayoendelea hadi kichwa kifike kwenye makutano. Dereva mmoja huvuta ya mwisho kwa madaha, mwingine huikata mapema. Kidhibiti cha mkononi kinachokuachia urefu wa honi mikononi mwako ni bora kuliko kile kinachocheza rekodi iliyokwishapangwa.

Sasa kuhusu kelele. Tatizo lako si wingi wa aina, ni ukubwa wa sauti. Kwa kipimo cha 1:87, ukisimama mita moja kutoka kwenye treni, umesimama mita 87 kutoka kwenye treni halisi. Kichwa kilichosimama kikihema, kwa umbali huo, husikika kwa mbali tu. Sheria ya Marekani hupima nguvu ya honi ikiwa futi 100 mbele ya kichwa. Kwenye meza yako umbali huo ni sentimita 35. Watengenezaji wengi hutoa dekoda zikiwa zimewekwa karibu na kiwango cha juu, kwa sababu dukani kinachosikika ndicho kinachouzwa. Mimi nilipunguza sauti kuu hadi theluthi moja, kisha nikashusha mngurumo wa kusimama zaidi ya hapo, nikaiacha honi peke yake ikiwa juu kidogo. Pia kipo kitufe cha kufifisha sauti treni inapoingia kwenye handaki au inapopita nyuma ya ukuta. Kitumieni. Watu wenu sita watakaa saa tatu.

Na spika. Naomba nisisitize, kwa kuwa nimeona watu wakilaumu dekoda bure. Spika ndogo isiyo na kisanduku kilichozibwa nyuma yake haitoi kitu, kwani hewa ya mbele na ya nyuma hufutana. Ziba kisanduku kwa gundi hadi kisivuje. Sauti nzito kabisa huwezi kuzipata kwenye spika ya milimita 15, hilo tukubali, ila sikio la binadamu lina uwezo wa kujazia msingi wa sauti ambao haupo iwapo linasikia ngazi zake za juu. Kwa hiyo rekodi iliyosafishwa vizuri, yenye ngazi hizo, husikika nzito kuliko spika inavyoweza.

Mchangiaji wa tatu (Morogoro)

Mimi ni mstaafu wa reli, sina reli ya mfano, nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu. Napenda kuongeza neno moja. Tulipokuwa kazini na vichwa vya daraja la 88, vile vilivyotoka Montreal, hatukusubiri saa za kwenye dashibodi zituambie. Sauti ilitangulia. Ukiongeza hatua, injini ilikuwa inakohoa kwanza, moshi mweusi unatoka, ndipo turbo inashika na nguvu inakuja. Kijana anayeona gurudumu linateleza kwa kutazama mita amechelewa. Mwenye sikio alishapunguza. Nimeona kwenye video za hizo treni ndogo kwamba injini inapanda na mwendo unapanda papo hapo kwa pamoja. Si hivyo. Injini hupanda kwanza, treni hufuata.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, shikamoo. Neno lako moja limegusa jambo ambalo nililiacha nje, na ni kubwa.

Katika treni ya kweli yenye mzigo wa tani elfu moja, dereva huongeza nguvu sasa ili mwendo uje baadaye, na hupunguza nguvu mapema ili treni ijiendee kwa uzito wake. Mfumo unaofunga sauti ya injini kwenye kasi ya gurudumu unafuta kabisa uzoefu huo. Dekoda za kizazi cha sasa zina njia ya kuutenganisha. LokSound za kampuni ya ESU ya Ujerumani, kwa mfano, zina kitufe cha kushikilia mwendo: ukikibonyeza, treni huendelea na kasi yake ileile, na kidhibiti chako sasa kinapandisha au kushusha injini peke yake. Unaweza kupanda mlima injini ikiwa hatua ya nane kwa mwendo wa kinyonga, kisha ukashuka upande wa pili kwa kasi zaidi huku injini imetulia kabisa. Ukiongeza uzito wa bandia, yaani ukaweka vigezo vya kuongeza na kupunguza mwendo viwe vikubwa, kisha ukapanga kitufe cha breki, inakubidi uendeshe kwa sikio kama ulivyoeleza. Kile kikohozi cha kwanza kabla turbo haijashika kinapaswa kurekodiwa kama sauti yake mwenyewe, kati ya kila hatua na inayofuata. Rekodi nyingi zina mpito mmoja tu uliotumika kwa hatua zote nane, na mtu mwenye uzoefu wako angeligundua mara moja.

Kwa heshima nakuomba, ukipata nafasi, utueleze zaidi mlio wa breki na wa kompresa kwenye vichwa hivyo. Wenye kumbukumbu za namna hiyo ni wachache, na rekodi ni chache zaidi.

Mchangiaji wa kwanza (Mwanza)

Hapo kwenye rekodi ndipo ninapotaka kuuliza. Daraja la 59 halitembei tena. Umeipata wapi sauti yake?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na jibu lake linahitaji uaminifu. Vichwa viwili vimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, na ukivitazama kwa karibu utapata vipimo vyote unavyovitaka, isipokuwa sauti. Sikutaka kuchukua kichwa chochote cha mvuke cha Ulaya nikakipa jina la Mount Gelai. Nilikwenda Wales, kwenye Reli ya Welsh Highland kati ya Caernarfon na Porthmadog, ambako vichwa vya Garratt vilivyotoka Afrika Kusini vinavuta abiria hadi leo. Ni vidogo sana vikilinganishwa na vyetu, reli yao haifiki hata sentimita 60, lakini kule kupishana kwa mitambo miwili ni kulekule. Nilirekodi kwenye mpando, nikiwa mbali na barabara, treni mbili kwa siku kwa muda wa siku mbili. Upepo uliharibu nusu ya kazi.

Nyumbani nikashusha sauti ile kidogo ili ifanane na kichwa kizito zaidi, nikatenga pumzi moja moja, nikachagua zile laini, kwa ajili ya ile dohani bapa. Filimbi niliijenga kutokana na rekodi ya zamani ya kaseti iliyokuwa nyumbani, mbovu lakini ya kweli. Beleshi nililifuta. Kengele niliifuta. Mahali pa beleshi nikaweka mngurumo wa kichomeo cha mafuta nilioupata kwenye kichwa kingine kilichohifadhiwa.

Mwezi uliopita nilimpigia simu baba yangu Voi. Ana umri mkubwa na masikio yamepungua, basi dada yangu akamwekea spika ya simu karibu. Nikaipandisha treni ya mabehewa 14 kutoka Mazeras, nikafunga mvuke juu, nikaiacha ishuke, nikasimamisha stesheni. Akasikiliza hadi mwisho bila kusema kitu. Kisha akauliza, kwa ule ukali wake wa kazini, ni nani anayetia maji kwenye boila, kwa sababu treni imepanda mlima wote ule na hajasikia injekta hata mara moja.

Injekta haimo kwenye dekoda yangu. Sikuifikiria kabisa. Mwenye rekodi safi ya injekta ya mvuke ikianza kushika maji, ile sauti ya kumwagika inayogeuka kuwa mluzi mwembamba, naomba aniandikie kwa ujumbe wa ndani.